Michi Iliyolazwa Milangoni

Nilipostaafu ualimu nilijiapiza mambo matatu: sitasahihisha tena daftari la mtu, sitaamka tena kwa kengele, na sitasoma tena Kiingereza kwa kulazimishwa. Viapo viwili vya kwanza nimevishika mpaka leo. Cha tatu alikivunja shangazi yangu, ambaye hajui hata neno moja la Kiingereza, na mpaka sasa anaona mimi ndiye ninayepaswa kumshukuru.

Mambo yalianza na bahasha. Mwanamke mmoja niliyemfundisha jiografia hapa Kibiti, ambaye siku hizi anasomea mambo ya meli za kale huko ng'ambo, alinitumia fotokopi za kitabu kizima. Kwenye karatasi ya juu aliandika kwamba alipoona ramani ya delta alinikumbuka, kwa sababu niliwahi kumchapa kwa kusema kwamba Rufiji unaingia baharini kwa mdomo mmoja. Sikumbuki kumchapa. Kosa lenyewe nalikumbuka, na bado linaniudhi.

Kitabu kilikuwa cha ofisa mmoja Mwingereza wa jeshi la majini, wa karne ya kumi na tisa. Alizunguka bahari hii yetu, kati ya Mafia na midomo ya Rufiji, kwa meli ya mvuke na mashua ndogo za makasia. Kazi yake ilikuwa kuvizia vyombo vilivyobeba watumwa, na pia kupima kina cha maji kwa bildi, ile kamba yenye kipande cha risasi mwishoni. Maji yale yalikuwa na wenyewe wengi wakati huo. Sultani alisema ni yake, Waingereza walisema wanayalinda, Wazungu wengine nao walikuwa wameanza kuchungulia, na wafanyabiashara wa watumwa hawakumuuliza mtu yeyote. Watu wa delta, waliokuwa wakilima mpunga humo humo, hakuna aliyewauliza wanasemaje.

Nilimpenda yule ofisa bila kutaka. Alikuwa mlalamishi kama mimi. Alilalamikia matope, mbu, mpishi wake, na chai iliyonuka kamba ya meli. Aliwahi kukwama juu ya fungu la mchanga maji yalipokupwa, akakaa hapo nusu siku na bunduki zake huku akina mama wakiokota kaa pembeni mwa mashua yake na kumcheka. Hilo la kumcheka aliliandika mwenyewe, na kwa ajili ya hilo nikamsamehe mengi.

Kwa kuwa furaha ya kusoma peke yangu ilikuwa hainitoshi, nikawa nampelekea shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, na ndiye wa mwisho aliyebaki katika kizazi chao. Anaishi ndani ya delta, katika kijiji kilicho kwenye kijito kimoja ambacho sikitaji kwa sababu watu wake hawapendi kutajwa. Kila mwezi natoka Kibiti kwa gari hadi Bungu, nashika bodaboda mpaka Nyamisati, halafu napanda boti ya injini ndani ya mikoko. Nafika nimelowa mpaka kiunoni, na neno la kwanza la shangazi baada ya kuitikia shikamoo yangu huwa ni lile lile.

"Marahaba. Umeniletea sukari, au umeleta maneno matupu?"

Huwa naleta vyote viwili. Tukishakunywa chai, tunakaa barazani, yeye anachagua mawe kwenye mchele, mimi namtafsiria ofisa. Nilidhani angechoka baada ya kurasa mbili. Badala yake akawa anasimamisha kila sentensi, anahoji, anagombana na mtu aliyekufa kabla mama yake hajazaliwa.

Kuna mahali ofisa anasema aliwauliza watu wa kijito kimoja mtawala wao ni nani. Wakajibu ni Sultani. Wiki ya pili mwenzake mmoja akauliza watu wale wale, wakajibu ni Waingereza. Ofisa akaandika kwamba watu wa huku ni waongo wa kuzaliwa.

"Waongo!" Shangazi aliacha mchele. "Mtu kasimama mbele yako na bunduki, anakuuliza nani bwana wako. Utamwambia nani? Utamwambia ni wee hapo, bwana, karibu boga."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Ile miezi ilikuwa mizuri, na naisema hivyo waziwazi, kwa sababu katika ualimu wangu wote sijapata mwanafunzi kama yule.

Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja ambao nilikuwa nimeuruka.

Ili uelewe kwa nini niliuruka, inabidi nikueleze kitongoji cha zamani. Shangazi hakuzaliwa pale anapoishi sasa. Alizaliwa ng'ambo ya kijito, kwenye mwinuko wenye minazi, mahali ambapo hata maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, hayafiki. Ukoo wetu ulikuwa pale tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Baadaye watu walihamishwa wote kwenda palipo na shule na zahanati, nyumba zikaanguka, mikoko ikasogea. Kilichobaki ni minazi, vigae, na makaburi machache, mojawapo la bibi yangu, yaani mama yake shangazi, ambaye aligoma kuhama na akafia pale pale.

Shangazi ana haja moja tu iliyobaki duniani. Anataka kuzikwa ubavuni mwa mama yake. Ameshaisema mbele ya kila mtu, hata mbele ya watu waliokuja kuchanja mbuzi. Mahali penyewe ameshapachagua, upande wa kibla, kando ya mnazi uliopinda.

Sasa likaja suala la mipaka. Wilaya ilikuwa inapima ardhi ya vijiji na kuitenganisha na msitu wa mikoko wa hifadhi. Kijiji cha shangazi kilisema mwinuko ule ni wao. Kijiji jirani kikasema hapana, ni wao. Mwenyekiti wa kijiji jirani akaongeza kwamba hapakuwahi kuwa na makazi pale, palikuwa mashamba tu na vichaka, na kama si mali ya kijiji chake basi bora paingie hifadhini kuliko kupewa sisi. Na pakiingia hifadhini, hakuna tena kuzika. Makaburi yetu yalikuwa na alama za miti tu, na miti ilishaliwa na mchwa. Afisa ardhi, mama mmoja mwenye buti za mpira na sauti ya kukata, akasema anataka ushahidi kwamba watu waliishi pale, siyo kulima tu. Ikiwezekana, akasema, wa maandishi.

Shangazi alikuwepo kikaoni. Akanyoosha mkono.

"Maandishi tunayo," alisema. "Yuko Mwingereza wetu."

Habari hizo nilizipata kwa simu nikiwa Kibiti, nikala wali wangu bila kuusikia ladha. Kwa sababu ni kweli Mwingereza alifika kwenye mwinuko ule. Anaueleza vizuri kabisa: kijito kinachopinda mara mbili, kina cha maji, minazi, ziwa dogo la maji baridi nyuma yake. Anasema alikuta nyumba zaidi ya ishirini. Lakini anasema alizikuta tupu. Hakuna mtu, hakuna mbuzi, kuku wachache tu wakirandaranda. Na milangoni, anaandika, michi ya kutwangia imetupwa chini, mlango baada ya mlango, kama wanawake waliokatizwa kazi na kukimbia roho mkononi. Akahukumu kwamba wakamata watumwa walipita pale siku chache kabla, wakawasomba wote. Kwenye ramani yake akaandika kwamba ni mahame.

Nilipousoma ukurasa huo mara ya kwanza nilirudi juu nikausoma tena. Nilimfikiria bibi wa bibi yangu amefungwa kamba shingoni. Nikaona kumbe sisi labda si watu wa pale hata kidogo, labda ni watu waliokuja kukalia nyumba za waliochukuliwa. Kumwambia shangazi, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, kwamba ukoo wake umeanzia kwenye maafa, sikuweza. Nikaukunja ukurasa, nikauweka mwisho wa fungu. Nilijiambia ni huruma. Kusema kweli ilikuwa pia woga.

Basi nikasafiri siku moja kabla ya kikao cha pili. Ulikuwa msimu wa ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kuweka maziwa, na kwelea walikuwa wameshuka. Huku kwetu msimu huo kijiji huhamia shambani chote, wazee, watoto, kuku wa kutosha kitoweo. Watu hukaa kwenye madungu, vibanda vilivyojengwa juu ya nguzo katikati ya mpunga, wakiamia ndege mchana kutwa kwa teo za kurushia mawe na makelele, na nguruwe zamu ya usiku. Shangazi hakwenda mwaka huo kwa sababu ya magoti, na alikuwa na hasira kwa kukosa raha, kwa maana dunguni ndiko kwenye vicheko na maboga ya kuchoma.

Nilimkuta mlangoni anapepeta. Nikamwambia yote kabla chai haijaiva. Kwamba kuna ukurasa niliuficha. Kwamba ofisa alikuta mahali petu pamekufa. Kwamba kesho nikisoma nitakuwa nimempa mwenyekiti jirani fimbo ya kutupigia, na nisiposoma, afisa ardhi atauliza maandishi yako wapi.

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nimevunja chungu.

"Umenisomea miezi yote hiyo, kumbe unaniruka?"

"Nilikuhurumia, shangazi."

"Nani kakwambia nataka huruma? Mie nataka kusomewa." Akaendelea kupepeta, pumba zikanijia usoni, na sidhani ilikuwa bahati mbaya. "Kesho utasoma. Soma yote. Usiruke hata mstari."

"Lakini..."

"Mwalimu, nshasema."

Aliniita mwalimu. Huniita hivyo akiwa ameudhika sana.

Asubuhi tulivuka kwa mtumbwi kwenda kijiji jirani, mimi, shangazi na afisa ardhi na vifaa vyake. Tulipopanda kutoka majini, kijiji kilikuwa kimya kabisa. Milango yote imefungwa. Kuku wawili watatu. Afisa ardhi, ambaye kwao ni bara kabisa na alihamia wilayani mwaka ule, alisimama katikati ya njia na daftari lake kifuani.

"Mwenyekiti," alimwambia yule mzee aliyekuja kutupokea, "hiki kijiji kimehama? Nilikuambia nahitaji akidi."

Mwenyekiti, mtu mfupi mwenye kofia safi na maneno mengi, akacheka.

"Hajahama mtu, mama. Wako madunguni, wanaamia. Huoni michi?"

Akaonyesha kwa kidole. Mbele ya kila mlango mchi ulikuwa umelazwa chini kwenye kizingiti, kutoka mwimo hadi mwimo. Ndivyo inavyofanyika delta yote. Mwanamke akiondoka kwenda dunguni hulaza mchi wake mlangoni, na maana yake ni kwamba mwenyewe anarudi, usipite. Hakuna anayeuvuka, hata mwizi hufikiria mara mbili. Mtu akihama moja kwa moja, au mwenye nyumba akifa, mchi husimamishwa, unaegemezwa ukutani nje, na kila apitaye anajua kwamba hapo harudi mtu tena. Niliikuta desturi hiyo tangu utotoni, nilipokuwa nakuja likizo kwa bibi. Nilishachapwa kwa kuuruka mchi wa watu nikikimbiza mpira.

Na hapo hapo, nikiwa nimesimama na fotokopi zangu kwapani, nikitazama michi imelala mlango baada ya mlango, sikuona chochote. Nawaapia. Nilikuwa nafikiria tu aibu inayonisubiri.

Tulikaa kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Tulikuwa watu tisa tu, wengi wao wazee waliobaki kwa sababu ya magoti kama shangazi. Afisa ardhi alisema ataandika kwamba akidi haikutimia ila atasikiliza ushahidi. Nikaanza kusoma. Nilisoma Kiingereza kwanza, kwa sababu ya majivuno, kisha Kiswahili. Nilipofika kwenye kijito kinachopinda mara mbili, afisa ardhi alifungua kishikwambi chake, akafuata ramani kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Mahali ni penyewe. Nikasoma habari za minazi, na ziwa, na nyumba zaidi ya ishirini. Nikasoma kwamba zilikuwa tupu. Nikasoma kwamba kijiji kilikuwa mahame.

Mwenyekiti alipiga paja lake.

"Mnaona? Kitabu chao wenyewe! Hata Mzungu hakukuta mtu. Nyumba za kupita, watu wamepita. Mie nilisema nini?"

Nilimtazama shangazi kuona kama ameumia. Alikuwa amefumba macho, na kwanza nikadhani amesinzia.

"Pale kwenye michi," alisema bila kufumbua. "Soma tena."

Nikasoma tena. Milangoni, michi ya kutwangia imetupwa chini, mlango baada ya mlango.

"Kila mlango?"

"Anasema kila mlango."

"Mchi mmoja kila mlango?"

Nikatazama kwa makini zaidi. Ofisa alikuwa mtu wa vipimo, hata kwenye huzuni yake. "Mmoja mmoja," nilisema. "Anasema imekaa kukingama, watu wake walijikwaa wakati wa kuingia."

"Hakuna uliosimama?"

"Hakuna, shangazi. Anasema yote ilikuwa chini."

Shangazi alifumbua macho. Hakumgeukia afisa ardhi, wala mimi. Alimgeukia mwenyekiti, ambaye anamfahamu tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

"Wee," alimwambia, "mkeo yuko wapi leo?"

"Yuko shamba, dada. Anaamia."

"Na mchi wake?"

Mwenyekiti aligeuka kutazama kwake. Nyumba yake ilikuwa pale pale mbele ya ofisi, milango miwili kutoka tulipokaa, na mchi wa mkewe ulikuwa umelala kizingitini, umeng'aa kwa kushikwa. Wote tulikuwa tunautazama. Ndipo na mimi, mwalimu wa jiografia, mjukuu wa pale pale, nikaelewa. Damu ilinipanda usoni kwa haya na kwa furaha pamoja. Hawakukamatwa. Hawakukimbia. Walikuwa wamekwenda kuamia ndege! Ofisa alifika msimu wa mpunga kuweka maziwa, akakuta kijiji kizima kimefungwa kwa adabu, akaona maangamizi. Na mimi niliyechapwa kwa sababu ya mchi kama ule, kitabu kiliponiambia umetupwa, nikaona umetupwa.

Ingekuwa mimi, ningetafuta la kubisha, hata la uongo. Mwenyekiti alivua kofia yake, akajikuna, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa na mkono ndani ya chungu.

"Mama," alimwambia afisa ardhi, "andika. Michi ishirini imelazwa, wenyewe ishirini walirudi. Siwezi kubisha. Asubuhi mie mwenyewe nimekueleza."

Afisa ardhi alitazama ile milango, akatazama daftari lake, na nikaona tabasamu la kwanza kwake tangu tumjue. Akaniomba nimsomee tarehe ya ukurasa. Ilikuwa mwezi ule ule tuliokuwamo. Akaandika muda mrefu. Kisha akasema atapendekeza mwinuko ule uandikwe kuwa makazi ya kale ya kijiji chetu, pamoja na makaburi yake, na kwamba mwenyekiti atie sahihi kama shahidi. Alitia. Shangazi alitia dole gumba, akaomba wino usifutwe kidoleni.

"Kuna kingine kaandika huyo bwana hapo?" aliniuliza.

Nilisita. Nikakumbuka alivyosema nisiruke. "Anasema walilala kwenye nyumba moja, shangazi. Na watu wake waliwasha moto wa chai kwa michi miwili."

Baraza lote liliguna.

"Kachoma mchi wa mtu!" Shangazi aliinuka kabisa, magoti na yote. "Mchi uliolazwa!"

"Siku tatu baadaye anasema aliugua homa, karibu afe."

"Stahili yake," alisema shangazi, akakaa, roho yake imetulia.

Nimeshalifikiria sana hili tangu siku ile. Bado nampenda yule ofisa. Alipima kina cha maji yetu vizuri hata leo afisa ardhi anafuata mstari wake, na aliwahurumia watu ambao hawakuwa na haja ya huruma. Wakamata watumwa walikuwepo kweli, alikuwa na sababu ya kuwafikiria. Kosa lake ni kwamba hakusubiri. Angekaa wiki tatu, wangerudi na vikapu vichwani, wangemkuta nyumbani kwao na wangemgombeza kwa michi yao. Kosa langu ni kubwa zaidi, kwa maana mimi sikuhitaji kusubiri chochote.

Barua ya wilaya ilikuja baada ya mavuno. Kitongoji cha zamani kimeandikwa. Nilimpelekea shangazi pamoja na sukari, nikamsomea mara mbili. Akataka twende siku hiyo hiyo. Tukavuka kwa mtumbwi maji yakiwa yamejaa, nikamshika mkono kupanda mwinuko. Kaburi la bibi lilikuwa limeota majani. Tuliyang'oa, tukasoma Fatiha. Kisha shangazi akahesabu hatua kutoka kaburi la mama yake hadi mnazi uliopinda, akapiga mguu chini mara mbili.

"Hapa," alisema. "Panatosha. Sikuwa mnene kamwe."

Alifurahi siku ile kama bibi harusi. Aliimba njia nzima ya kurudi, na mwenye mtumbwi akamwitikia. Tulipofika kwake, mchi wake ulikuwa umelala kizingitini, kwa sababu alikuwa ameulaza asubuhi tulipoondoka, ingawa tulikuwa tunakwenda ng'ambo tu. Niliinama kumwondolea. Alinishika mkono.

"Nikiondoka," alisema, "akina mama hapa watataka kuusimamisha. Ndiyo desturi. Wewe uwakataze."

"Kwa nini, shangazi?"

Aligeuka akaonyesha ng'ambo, kule ambako minazi yetu ilionekana juu ya mikoko, karibu kabisa, unaweza kumwita mtu akasikia.

"Mchi wangu uulaze," alisema. "Mie siendi mbali."